Subiri Kidogo, au Basi Tena?

Somo langu mwaka huu ni makosa ya seva, yaani ile tarakilishi kuu inayotunza faili na kuzigawia tarakilishi nyingine kupitia mtandao. Humo ndimo zimo insha zote za gazeti hili.

Seva ikishindwa kutoa faili, hutuma jibu la kosa. Lakini makosa hayawi namna moja, ati. Wazee wa Kilifi watanielewa. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, watu walivuka kati ya Mnarani na Kilifi kwa feri. Ukiikosa ulijua iko ng'ambo, ukangoja, ikarudi. Leo hebu nenda ukaingoje! Utaota mvi.

Mfumo wa NFS, ulioanzishwa mwaka 1984 na kampuni ya Marekani ya wakati huo, Sun Microsystems, haukuwa na jibu la kusema "subiri". Toleo la tatu, mwaka 1995, ndilo lililoongeza kosa namba 10008. Walilipa jina la ile mashine ya kuchagua na kupiga santuri, kwa kuwa kulikuwa na seva ambazo faili zake zilikaa katika rundo la diski, na mashine ilihitaji muda kuichukua inayotakiwa. Maana yake: ombi nimelipata, ila faili haijawa tayari, uliza tena baadaye.

Kosa namba 70 ni jambo jingine. Mwenzako ameifuta faili nawe bado umeifungua. Kurudia ombi lile lile mara elfu hakufai kitu. Itafute upya kwa jina lake, na jina lisipopatikana, basi tena. Namba 28, diski imejaa, mimi naiweka katikati: mtu akifuta takataka itapita, lakini programu lazima imwambie, isirudie kimya kimya.

Na stima zikipotea? Hapo seva haijibu lolote. Kuna namna mbili za kujiunga nayo. Namna ngumu hurudia ombi bila kuchoka. Stima zikirudi na seva ikawaka, kazi huendelea ilipoachia, kwani katika matoleo yale ya zamani seva haikuhitaji kukumbuka nani amefungua nini. Namna laini hujaribu mara chache, ikakata tamaa na kuirudishia programu kosa. Wengi huipenda kwa sababu kioo hakigandi. Tatizo ni kwamba ziko programu zisizoangalia jibu hilo zinapoandika: nusu ya insha inaingia, nusu inapotea, nawe waambiwa imehifadhiwa!

Kwa faili zinazoandikwa nachagua ngumu, hata kama darasa zima litakaa likitazama vioo vilivyoganda. Laini naiachia kamusi na vitabu vya kusoma tu.