SOMO KWA WANAOANZA MCHEZO WA KAITI BAHARINI

Wananchi na wafanyakazi wa Serikali, hasa wakaazi wa pwani ya mashariki ya Unguja, wanakumbushwa kwamba mchezo wa kaiti, yaani kuteleza majini kwa ubao huku mchezaji akivutwa na tiara kubwa, haufai kujifunza kwa kutazama tu. Huko Paje na Jambiani vijana wanakua wakiuona mchezo huu kila msimu, na wapo wanaoamini kwamba aliyezaliwa pwani na kujua kuogelea hana la kufundishwa. Kuogelea ni elimu moja, na kuitawala tiara ni elimu nyengine. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa.

Nguvu ya upepo
Tiara inayotumiwa kwa kawaida ina ukubwa wa baina ya mita za mraba 7 na 12, na huunganishwa na mshipi wa mchezaji kwa kamba zenye urefu wa mita 20 au zaidi. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara 2, nguvu yake huongezeka mara 4. Kwa hivyo tiara inayomvuta mtu kwa upole katika upepo wa kilomita 20 kwa saa humvuta kwa nguvu mara 4 upepo ukifika kilomita 40. Asiyejua namna ya kuiachia hawezi kuizuia kwa mikono.

Upepo na maji ya pwani hii
Kaskazi huvuma baina ya Disemba na Machi, na kusi baina ya Juni na Septemba. Katika pwani ya mashariki pepo zote mbili huja kwa mshazari kutoka baharini, na humrejesha mchezaji ufukweni. Hata hivyo, anayeinua tiara joshini mwa minazi, nyumba au vyombo vilivyotia nanga, akikosea hupelekwa demani na kugonga vitu hivyo. Upepo utokao nchi kavu una hatari zaidi kwa anayeanza, kwa kuwa humchukua kwenda bahari kuu. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali sana, na miamba iliyokuwa chini hubaki wazi.

Mpango wa mafunzo
Kwanza, mwanafunzi hufundishwa nchi kavu. Hujifunza kuutambua upepo, kukagua kamba, kurusha tiara ndogo ya mazoezi, na kuvuta kifungulio cha dharura mpaka mkono ukipate bila ya kutafuta.

Pili, huingia majini bila ya ubao. Hapo hujifunza kuvutwa na tiara kuelekea joshini, kuizungushia kamba fimbo ya kuongozea, na kuitumia tiara iliyojaa hewa kama boya la kumfikisha pwani.

Tatu, hupewa ubao. Ubao huja mwisho kwa sababu anayeanguka huvutwa na tiara kwenda demani, na ubao ukabaki nyuma yake joshini. Asiyepitia hatua ya pili hawezi kuufuata. Katika hatua zote kofia ngumu na koti la kuelea ni vitu vya lazima kwa anayejali maisha yake.

Haki ya wengine baharini
Tangu 1989 mwani unalimwa kwa biashara katika vijiji vya Paje na Jambiani, na walimaji wengi ni akina mama. Wao huinama juu ya kamba zao maji yakiwa machache, na hawawezi kumwona anayekuja nyuma yao. Kamba ya tiara iliyokazwa na upepo hukata ngozi, na tiara iliyoanguka huweza kung'oa vijiti na kuharibu kazi ya wiki nyingi. Anayejifunza hana budi kujua mashamba hayo yalipo, na kuwaachia nafasi walimaji, wavuvi na watoto.

Wazazi wanashauriwa wasiruhusu vijana wao kuanza kwa tiara ya kuazima bila ya mwalimu. Aidha, anayeombwa na mgeni kumshikia tiara ufukweni aulize kwanza iwapo mgeni huyo amefundishwa. Kama hakufundishwa, asiiachie. Siku chache za mafunzo ni kidogo mbele ya uhai wa mtu, na kijana aliyefundishwa vyema leo aweza kuwa mwalimu wa wenziwe kesho.