Mlinzi wa Kituo cha Pili: Habari za Jack Robinson

Masomo: Matayo 5:38–42, 1 Petro 2:18–23

Mwezi huu twatoa habari za mtu aliyepata mkate wake kwa kucheza mpira. Huenda mwalimu mmoja wa Laela au wa Matai akauliza, Michezo yatuhusu nini sisi tufundishao Katekisimo? Na asome kwanza, ndipo ahukumu.

Jack Roosevelt Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 karibu na mji uitwao Cairo. Si ule wa Misri, bali ule wa Georgia, katika Marekani. Wazee wa mama yake walizaliwa utumwani, na baba yake alilima shamba la Mzungu kwa kugawana mavuno. Baba huyo akaiacha nyumba yake. Mama, jina lake Mallie, akawachukua watoto wake 5 mwaka 1920, akapanda gari la moshi mpaka Pasadena, California, akawalea kwa kufanya kazi katika nyumba za watu. Alikuwa mwanamke wa sala. Hata hivyo kijana Jack alifuatana na kundi la wakorofi wa mtaani, mpaka mchungaji mmoja kijana wa Kimethodisti, Karl Downs, alipomtafuta. Mchungaji huyo hakuanza kwa kukemea; alicheza na vijana, akawasikiliza, kisha akampa Jack kazi ya kufundisha katika shule ya Jumapili. Wazee wa kanisa wangapi kwetu wangethubutu kumkabidhi darasa kijana wa namna ile?

Wakati wa vita kuu ya pili aliingia jeshini, akawa afisa. Tarehe 6 Julai 1944, huko Texas, dereva wa basi alimwamuru aende kukaa nyuma, kwa kuwa ni mtu mweusi. Akakataa. Akashitakiwa mbele ya baraza la kijeshi, na mwezi wa Agosti akaonekana hana hatia. Msomaji alishike neno hili moyoni, maana tutalirudia.

Sasa yafaa tueleze mchezo wenyewe, uitwao besiboli. Uwanjani kuna vituo 4 vilivyopangwa mraba, na toka kituo hata kituo ni futi 90. Mtupaji hutupa mpira mdogo mgumu. Mpigaji huupiga kwa gongo la mti, kisha hukimbia kuzunguka vituo. Walinzi wa karibu ni wale wakaao penye vituo. Mlinzi wa kituo cha pili kazi yake ni ya hatari: hudaka mpira huku adui anamjia kwa kuteleza chini, viatu vyake vina meno ya chuma, naye hana budi kugeuka mara hiyo na kuutupa mpira kituo cha kwanza. Tena mkimbiaji hodari aweza kuondoka kituoni pasipo kungoja mpira upigwe. Jambo hilo huitwa kuiba kituo, wala si wizi ule ukatazwao na Amri ya Saba. Robinson alikuwa bingwa wa kuiba vituo.

Tangu miaka ya 1880 vilabu vikubwa vya Marekani vilikuwa vimewafungia watu weusi mlango. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Palikuwa na mapatano tu ya wakubwa, na mapatano ya namna hiyo ni magumu kuvunja kuliko sheria. Watu weusi walikuwa na vilabu vyao, na mwaka 1945 Robinson alicheza katika kimoja cha Kansas City. Tarehe 28 Agosti mwaka ule Branch Rickey, msimamizi wa klabu ya Brooklyn Dodgers, alimwita. Rickey alikuwa Mmethodisti, tena mfanyi biashara mwerevu. Alitaka haki, na alitaka pia kushinda na kuujaza uwanja. Kwa muda wa saa 3 hivi alimjaribu Robinson kwa kumtolea matusi yale ambayo angeyasikia. Robinson akamwuliza kama anataka mtu aogopaye kujitetea. Rickey akajibu kwamba amtaka mwenye ushujaa wa kutokulipiza. Akamkumbusha neno la Bwana juu ya kugeuza shavu la pili. Robinson akakubali kunyamaza kwa miaka 3.

Mwaka 1946 alicheza Montreal, katika Kanada, na tarehe 15 Aprili 1947 akaingia uwanjani Brooklyn, umri wake miaka 28, akilinda kituo cha kwanza. Mwezi ule ule watu wa klabu ya Philadelphia, wakiongozwa na mkuu wao, walimtukana mchezo mzima. Hoteli moja ya mji huo ilikataa kuwapokea wachezaji kwa ajili yake. Barua za kutisha kumwua zilimfikia. Na mlinzi wa kituo cha kwanza mguu wake mmoja hugusa kituo, hawezi kuukimbiza; mchezaji mmoja wa St. Louis akaukanyaga kwa viatu vyake vya meno. Robinson hakujibu. Mwisho wa mwaka akachaguliwa kuwa bora kati ya wachezaji wapya wote.

Hapa walimu na wafikiri sana. Ni rahisi kuichukua habari hii na kumwambia mke apigwaye, au kibarua aliyenyimwa mshahara, Nyamaza kama Robinson. Hayo si mafundisho mema. Mtu yule yule aliyekataa kuondoka kitini mwaka 1944 ndiye aliyenyamaza mwaka 1947. Hakulazimishwa, alikubali mwenyewe, kwa muda uliojulikana, ili mlango usifungwe tena mbele ya wale waliomfuata. Na muda ulipokwisha, mwaka 1949, alifungua kinywa. Wengi waliomsifu alipokuwa kimya wakaanza kumnung'unikia. Lakini mwaka huo, akilinda kituo cha pili, alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake.

Mwaka 1955, akiwa na miaka 36 na mwili umeanza kuwa mzito, aliiba kituo cha mwisho mbele ya timu ya Yankees, na Brooklyn wakatwaa ubingwa. Baada ya 1956 akaacha kucheza. Mwaka 1959 alitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani fedha, ili Tom Mboya wa Kenya apate kuwasafirisha wanafunzi; Septemba ile vijana 81 wakapanda ndege kwenda kusoma.

Ugonjwa wa kisukari ulimdhoofisha, na mwanawe wa kwanza alikufa katika ajali ya motokaa mwaka 1971. Robinson mwenyewe alifariki tarehe 24 Oktoba 1972, umri wake miaka 53. Mwaka 1997 vilabu vyote vikubwa viliiondoa namba yake, 42, asiivae tena mchezaji mpya.

Mwanawe mdogo, David, alihamia Tanzania katika miaka ya 1980, akaanza shamba la kahawa Mbozi, akaungana na wakulima jirani zake kuuza mavuno yao Marekani kwa jina la Sweet Unity Farms. Atokaye Sumbawanga kwa barabara ya Mbeya, akiisha kupita Laela na Tunduma, huingia katika nchi hiyo ya Mbozi kabla hajafika Mbeya.