Mabomba Yazuiayo Sauti

Ukuta wa mawe huzuia sauti, na kila mtoto ajua sababu yake: hauna nafasi ya kupitia. Lakini je, waweza kusadiki ya kuwa kitu chenye uwazi mwingi kuliko chuma chake chaweza kuzuia sauti pia?

Katika mji wa Madrid, nchi ya Hispania, pana kazi ya mchonga sanamu aliyeitwa Eusebio Sempere. Ni mabomba ya chuma yaliyosimamishwa wima juu ya jukwaa la mviringo lenye upana wa meta 4. Kila bomba lina unene wa sentimita 2.9, na toka katikati ya bomba hata katikati ya jirani yake ni sentimita 10. Yamepangwa sawasawa, kama minazi ya shamba lililopimwa kwa kamba. Upepo wapita kati yake, hata mkono wapita.

Mwaka 1995 wataalamu wa Hispania walitangaza ya kuwa wameipima sanamu hiyo, wakaona ajabu. Sauti yenye mitetemo 1,670 hivi kwa sekunde ilififia sana kupita mabomba.

Sababu ni hii. Sauti huenda hewani kama mawimbi, kwa mwendo wa meta 340 hivi kila sekunde. Gawanya 340 kwa 1,670, utaona wimbi moja lina urefu wa sentimita 20 hivi. Kila bomba hurudisha sehemu ndogo tu ya sauti, mwangwi hafifu. Mwangwi wa safu ya pili umekwenda sentimita 10 zaidi na kurudi 10, yaani wimbi zima. Basi huungana na ule wa safu ya kwanza, mgongo wa wimbi juu ya mgongo. Wapiga makasia wakivuta kila mtu kwa wakati wake, mtumbwi hauendi. Wakivuta pamoja, waenda mbio. Ndivyo myangwi midogo ishikamanavyo, na nguvu ya sauti hurudi ilikotoka. Wimbi la urefu mwingine, lisilopatana na hatua hiyo, hupita.

Tena mpango huu waweza kupinda sauti. Mawimbi marefu hukawia yakipita kati ya fito. Mwaka 2002 ilionyeshwa ya kuwa kundi la fito lililonenepa katikati, mfano wa kioo cha kukuzia, hukusanya sauti mahali pamoja, kwa kuwa sehemu ya katikati hucheleweshwa kuliko za pembeni. Na ukiondoa safu moja ndani ya mabomba, sauti ile iliyokataliwa hufuata njia hiyo, hata penye kona.

Swali: Mabomba yakiwa sentimita 5 badala ya 10, ni sauti ya mitetemo mingapi itakayokataliwa?