Nyumba za Mawe za Lamu: Maswali ya Wenye Nyumba

Pita katika vichochoro vya mtaa wa Mkomani, Lamu, baada ya masika, utazame kuta usawa wa goti. Palipopigwa lipu ya saruji pametuna kama andazi, na ukipagonga kwa kidole panalia kitupu. Lipu ile ikidondoka hushuka na uso wa jiwe. Ukuta wa nyumba ya pili, uliopakwa chokaa, umechujuka rangi tu.

Saruji ni ngumu kuliko chokaa. Inaharibu vipi?

Huo ugumu ndio ubaya wake. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, yaliyojaa vitundu. Hunyonya maji ya ardhini, na maji ya kisiwani yana chumvi. Chokaa huyaachia maji yatoke na kukauka hewani. Saruji huyafungia ndani. Chumvi ikaganda nyuma ya lipu, ikatanuka, ikalimega jiwe kidogo kidogo. Kwa macho ya mpita njia nyumba inang'aa, kumbe inaoza. Dawa ni kuibandua saruji yote, kuuacha ukuta ukauke kwa miezi, ndipo upigwe chokaa. Kuziba ufa kwa saruji nyingine ni kuongeza ugonjwa.

Nyumba ni yangu. Idhini ya nini?

Ni yako kweli, na ulinzi haukunyang'anyi hati. Lakini mji wa kale ulitangazwa eneo la kulindwa mwaka 1986, na UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Chini ya sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadilisha sura ya nyumba kunahitaji idhini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nenda kabla fundi hajaanza kuvunja.

Hata sheria isingekuwapo, yuko jirani. Nyumba nyingi zimeegemeana, na mara nyingi ukuta mmoja hubeba boriti za jamaa wawili. Ukitoboa upande wako, dari inayotikisika huenda ikawa ya mwenzako. Tazama wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia: kinakaa juu ya kuta za pande mbili, na watu wa ndani hupita kwa jamaa zao bila kushuka chini. Ukitaka kugusa ukuta wa namna hiyo, kaa na jirani kwanza, mwite na fundi anayeujua.

Vyumba ni vyembamba. Naweza kuondoa ukuta wa kati?

Usiuondoe. Wembamba ule umetokana na mti wa mkoko: upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, nao kwa kawaida haufiki mita 3. Kutoka daka la mlangoni hadi kiwanda, yaani ua wa nyumba, kutoka misana, vile vyumba virefu vinavyotazama ua, hadi chumba cha ndani chenye zidaka, vishubaka vya ukutani, kila ukuta umebeba dari yake. Boriti iliyoliwa na mchwa hubadilishwa moja moja, huku dari imeshikiliwa kwa nguzo. Wanaomwaga zege badala yake huzitwisha kuta za zamani mzigo usio wake, na nondo nazo hushika kutu kwa chumvi.

Mnunuzi anautaka mlango wangu wa nakshi.

Mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 inalindwa na sheria, na kuihamisha bila kibali ni kosa. Binafsi naona uchungu kila nikiona mbao za kawaida palipokuwa na nakshi ya mababu.

Chokaa inatumiwaje?

Matumbawe huchomwa juu ya tanuri la magogo, kisha chokaa hulazwa kwa maji. Usimruhusu fundi aitumie mbichi, wala asiharakishe. Lipu ya chokaa hupigwa tabaka nyembamba, nayo hukauka polepole. Jua la mchana huipasua. Tundika magunia mabichi mbele ya ukuta, na uunyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa.