Mzunguke kwanza, umwone kisogo

Wadogo zangu wa Kamembe, Gihundwe, Mururu na mpaka huko Bugarama, likizo hii mmenitumia picha za vichwa vya udongo kwa wingi. Mmoja wenu kamfinyanga Israel Mbonyi, mwingine Cristiano Ronaldo, mwingine Daktari Denis Mukwege wa ng'ambo ya mto Rusizi. Na chini ya picha swali linakuwa lile lile: dada, mbona hafanani?

Nimefurahi sana kuona mikono yenu imechafuka udongo, kwa hiyo nitawajibu bila kuzunguka. Hafanani kwa sababu humjui. Unaujua upande wake mmoja tu. Mbonyi umemwona kwenye video ya Nina Siri, kwenye mabango, kwenye jukwaa ukiwa mbali, na mara zote amekuelekea wewe. Kisogo chake hujawahi kukitazama. Hujui shingo yake inavyoingia mabegani, wala fuvu lake limerudi nyuma kiasi gani kutoka kwenye paji la uso. Anayechora kwenye karatasi anaweza kuridhika na upande mmoja. Wewe umechagua udongo, na kitu cha udongo watu wanakizunguka.

Ndiyo maana nawaomba, kabla ya staa yeyote, mfinyangeni mtu mnayeweza kumzunguka. Kaka yako. Bibi yako. Yule mama anayeuza samaki wa sambaza sokoni, akikubali kukaa kwenye kigoda mchana biashara ikiwa imepoa. Mweke katikati ya uwanja, wewe ndiye uhame: mtazame mbele, kushoto, nyuma, kulia, kisha simama umwone kwa juu. Ukikosa mtu wa kukukalia, funga macho ushike kichwa chako mwenyewe. Utashangaa mfupa wa shavu ulipo.

Kuna watu walioanza hivyo, tena katika nchi jirani. Lusanga, magharibi mwa Kongo, zamani iliitwa Leverville kwa sababu ya mashamba ya michikichi ya kampuni ya Lever. Mwaka 2014 wafanyakazi wa mashamba wa huko waliunda chama chao cha sanaa, CATPC. Hawakuwa wanafunzi wa chuo cha sanaa. Walichukua udongo wa mtoni wakafinyanga, na miongoni mwa kazi zao za mwanzo zilikuwa sanamu za sura zao wenyewe. Sanamu hizo zilipimwa kwa mashine, zikatengenezewa kalibu, zikamiminwa kwa chokoleti huko Ulaya. Mwaka 2017 zilionyeshwa New York, na mwaka 2024 kazi za chama hicho zilijaza banda la Uholanzi kwenye maonyesho ya Venice. Fedha za mauzo wamekuwa wakinunulia ardhi. Mimi hilo la ardhi ndilo linanigusa zaidi, lakini kwa leo angalieni mahali mikono yao ilipoanzia: kwao wenyewe, kwa vichwa walivyoweza kuvishika pande zote.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana humo ndimo wengi wenu mnapopotelea. Weka kidole kimoja utosini na kingine chini ya kidevu. Katikati yake pana nini? Pana macho. Karibu kila kichwa mlichonitumia kina macho juu mno, kwa sababu uso unatuvutia na paji la uso halituvutii, basi tunalinyima nafasi. Halafu jitazame kwenye kioo: upana wa kichwa kwa mbele unakaribia kutosha macho matano. Sikio linaanza usawa wa nyusi na kuishia karibu na ncha ya chini ya pua, na ukimtazama mtu kwa ubavu, sikio liko nyuma ya katikati. Yaani nusu ya kichwa, na zaidi kidogo, iko mbele ya sikio, na nyuma yake bado kuna kichwa kingi. Hicho kingi cha nyuma ndicho mnachokikata. Chukueni vijiti viwili, mpime kwa mtu hai, mpime kwenye udongo, mlinganishe. Pimeni tena hata kama mmechoka.

Anza na fuvu, taya na shingo. Macho, midomo na ndevu ni kazi ya mwisho. Asubuhi pale daraja la Rusizi ya Kwanza, watu wanapovuka kwenda Bukavu, si unamtambua shangazi yako kwa nyuma tu, kabla hajageuka? Umemtambua kwa umbo la kichwa na namna shingo inavyokibeba. Umbo hilo likiwa sawa, hata kabla hujamtia macho, mtu akipita atasema, huyu si fulani? Likiwa si sawa, hata ukope mmoja mmoja hautamwokoa.

Ukiwa umeshafinyanga watu wawili watatu wa nyumbani, mrudie staa wako. Usitegemee picha moja. Picha za kujipiga kwa simu zinadanganya: uso ukiwa karibu na kamera, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Tafuta video yake akiwa jukwaani au kwenye mahojiano, isimamishe pale anapogeuza shingo, uchore ubavu wake. Chagua pia sura iliyotulia. Mtu akicheka na meno wazi, mashavu yanapanda, macho yanajikunja, kila kitu kinahama, na udongo unakigandisha kile kicheko kikawa maumivu.

Kisa cha Ronaldo mnakijua nusu tu. Mwezi Machi 2017 uwanja wa ndege wa Madeira, kisiwa alikozaliwa, ulipewa jina lake na ikazinduliwa sanamu ya kichwa chake. Aliyeitengeneza ni Emanuel Santos, mwenyeji wa kisiwa hicho hicho, na alitumia picha alizozipata mtandaoni. Alieleza pia kwamba Ronaldo aliomba baadhi ya mikunjo ya uso ipunguzwe. Sura ikatoka na tabasamu lililopinda, na dunia nzima ikamcheka yule bwana. Nusu msiyoijua ni hii: mwaka 2018 tovuti moja ya michezo ya Marekani ilimwomba afinyange tena, na kichwa cha pili kilifanana vizuri mno. Mkono ulikuwa ule ule. Nawasimulia hili kwa ajili ya yule mdogo wangu wa Nkanka aliyeniandikia kwamba amevunja kazi yake kwa sababu ya vicheko vya darasani. Mwanangu, kanda tena.

Na kukanda kwenyewe kuna mambo yake. Udongo wa pembeni ya barabara una mawe na mizizi, utapasuka. Nendeni kwa wafinyanzi wetu, wale kina mama wanaotengeneza vyungu tangu enzi za bibi zao. Najua namna jamii yao ya wafinyanzi imedharauliwa katika nchi yetu, na najua wapo mnaoona aibu kuonekana mmekaa nao. Hao ndio walimu wenu. Udongo wenyewe umekuwa wa taabu kwao, kwani mabonde mengi ya Rwanda walikokuwa wakichimba yamegeuzwa mashamba ya mpunga. Kwa hiyo msiombe bure. Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga walisema, nasi tusiwe wa kuendeleza hali hiyo: lipeni udongo, lipeni na saa aliyokaa kukufundisha. Muulize anavyochanganya vigae vilivyosagwa ili udongo usipasuke. Muulize anajuaje kwamba umeiva kukandwa. Hayo mimi siwezi kuyaandika, yako kwenye vidole vyake.

Ndani ya kichwa mnahitaji kijiti kilichosimama imara, kimezungushiwa magazeti makavu, udongo ujengwe juu yake. Udongo unapokauka na kuchomwa unasinyaa, karibu sehemu moja ya kumi, lakini kijiti hakisinyai, ndipo zinapotoka nyufa. Udongo ukikaza kidogo, kikate kichwa kwa uzi mwembamba, toa kijiti na magazeti, chimba ndani mpaka unene ubaki kama upana wa kidole gumba, kisha chanja kingo, paka uji wa udongo, uunganishe. Acha tundu chini. Usiku kifunike kwa kitenge chakavu kilicholowa na beseni juu yake. Vitabu vya ugenini vitawaambia mfuko wa plastiki, lakini huku mifuko hiyo imekatazwa tangu 2008, msiende kuitafuta ng'ambo. Kikaushe kivulini, polepole, majuma mawili au zaidi, kwa mvua zetu hizi. Kikiingia motoni kikiwa na maji ndani, mvuke utakipasua. Omba nafasi kwa wafinyanzi siku wanapochoma vyungu vyao.

Wawili mmeniambia wazazi wanasema sanamu za vichwa ni mambo ya Wazungu. Waambieni kwa heshima kwamba mwaka 1929, huko Luzira, Kampala, wafungwa waliokuwa wakichimba waliibua kichwa cha udongo cha watu wa kale wa pwani ya ziwa Victoria. Leo kimehifadhiwa British Museum, London. Lakini kama nyumbani kwenu ni Waislamu na baba anakataza sanamu ya kiumbe kwa sababu ya dini, hilo ni jambo jingine. Usimfinyange mtu kwa siri chini ya kitanda. Ufinyanzi una vyungu, vyetezo na vinara, na mkono unaojua kupima mtungi haupotezi kitu.

Kwa yule aliyeuliza kama kuna shule: iko shule ya sanaa ya Nyundo, Rubavu, upande wa kaskazini wa ziwa letu la Kivu. Peleka picha za kazi zako, ukianza na kichwa cha bibi yako, Ronaldo afuate. Kila kichwa kipige picha nne, mbele, kushoto, kulia na kisogo. Na hata mimi nitumieni zote nne, kwa sababu kuanzia sasa anayenitumia ya mbele peke yake nitamwomba nyingine tatu kabla sijamjibu.