Betri Mbili za Miteja: Somo la Kupanga Chaji ya Umeme wa Jua



Msimu wa karafuu ukishapita na fedha ikaingia mkononi, siku hizi wengi wetu hatununui bati na saruji tu. Twanunua pia paneli za jua, betri na inveta. Wala si ajabu. Watu wa Unguja hawajasahau Mei na Juni 2008, ulipokatika umeme uletwao kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari, tukakaa kiasi cha mwezi mzima gizani; wala hawajasahau Desemba 2009 hadi Machi 2010, yalipotufika hayo kwa mara ya pili, na safari hiyo kwa miezi mitatu. Lakini kununua vyombo ni jambo moja, na kuviamrisha vifanye kazi ipasavyo ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo somo letu la leo.

Somo hili tumelipata Miteja. Miteja ni kijiji cha wilaya ya Kilwa, kando ya barabara kuu iendayo Lindi, kabla hujafika Kilwa Kivinje. Huko yuko shemeji yetu, mkulima wa ufuta na mwenye duka dogo. Anao umeme wa TANESCO, ila hukatika. Na wenyeji wa huko hawaachi kutaja kwamba bomba la gesi ya Songo Songo linaingia bara hapo Somanga, jirani yao, likielekea Dar es Salaam. Basi shemeji aliuza ufuta wake akafunga paneli mbili, inveta ya volti 12 na betri moja ya ampea-saa 200. Betri hiyo haikumaliza miezi minane. Akauza ufuta wa mwaka wa pili, akanunua nyingine. Nayo ikafa. Tulipokwenda kumtembelea tulimkuta yuko tayari kununua ya tatu, na fundi wake amekwisha mwambia kwamba betri za siku hizi ni mbovu.

Tulimwomba asubiri siku moja, tukakaa mbele ya inveta na kuifungua mipango yake kimoja kimoja.

Betri ya kwanza ilikuwa ya jeli, iliyofungwa, isiyotiwa maji. Ubavuni mwake imeandikwa kwamba ichajiwe kwa volti 14.1. Lakini inveta ilikuwa imewekwa kwenye herufi FLD, yaani betri ya kutia maji, na kwa herufi hizo inveta ile huisukuma betri hadi volti 14.6. Zaidi ya hayo, ulikuwa umewashwa mpango wa kusawazisha seli, ambao kila baada ya siku 30 huipandisha betri juu ya hapo. Betri ya maji hufaidika na kazi hiyo, kwani maji yake huchemka kidogo yakachanganyika, na yakipungua mwenyewe huongeza. Betri ya jeli ikichemka, kilichotoka kimetoka, hakirudi. Tuliikuta uani, imevimba tumbo.

Na hapa liko jambo ambalo mafundi wengi hawalitaji, nalo latuhusu sana sisi watu wa pwani. Namba zilizoandikwa juu ya betri ni za joto la digrii 25. Betri ya risasi yenye volti 12 ina seli sita, na kila digrii moja ya joto ikizidi, kila seli yataka ipunguziwe chaji yapata volti 0.004, kwa seli sita ni 0.024. Betri ya shemeji ilikuwa imewekwa chumba cha nyuma, chini ya bati, karibu na ukuta upigwao na jua la alasiri. Tuliweka kipimajoto tukasoma digrii 35. Zidisha digrii kumi kwa 0.024, utapata kama robo ya volti. Maana yake betri ile ilitakiwa ipewe 13.9 tu, nayo ilikuwa ikipewa 14.6 kila siku ya jua. Inveta nyingine zina waya mwembamba wa kupimia joto, unaobandikwa juu ya betri, na hupunguza zenyewe. Ya shemeji haina. Asiye na waya huo na apunguze kwa mkono, au, lililo bora, aihamishe betri mahali pa kivuli penye upepo. Betri ya maji ndiyo kabisa isifungiwe ndani, kwa kuwa hutoa gesi ishikayo moto. Na itiwe maji ya betri, si ya kisima, maana visima vyetu vya pwani vina chumvi.

Betri ya kwanza, basi, ilikufa kwa shibe. Ya pili ilikufa kwa njaa.

Hiyo ilikuwa ya namna ya AGM, na safari hii fundi aliziweka herufi sawasawa. Ila aliacha kiwango cha chini cha kukatia vile kilivyotoka kiwandani, volti 10.5. Kiwango hicho ni cha kuiponya inveta, si betri. Betri ya risasi iliyopumzika yasoma 12.7 ikiwa imejaa na kama 12.2 ikiwa nusu, ikifika 10.5 haina kitu. Na betri ya risasi iachwayo tupu hufanya ukoko mgumu juu ya sahani zake, ukoko ambao chaji ya kesho yake haiuondoi.

Kwa nini ilifika huko kila usiku? Tulipiga hesabu pamoja na mkewe, ambaye ndiye ajuaye kinachowashwa nyumbani. Ampea-saa 200 kwa volti 12 ni wati-saa 2,400, na nusu yake, ndiyo ifaayo kutumiwa, ni 1,200. Kutoka saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi friji la duka lilikula kama 720, taa tano za wati 7 kwa saa tano, 175, televisheni, 200. Jumla 1,095, wakafurahi. Tukauliza, na inveta yenyewe? Inveta hula hata kama hakuna kilichowashwa. Yao ilikula wati 30, na kwa saa kumi na mbili ni 360. Jumla ikawa 1,455. Hapo furaha ilipoa. Tukakubaliana friji lizimwe usiku. Likijaa barafu mchana na mlango usifunguliwe, soda za asubuhi hazidhuriki.

Likabaki la tatu, nalo ni la mvua. Inveta ilikuwa imeamrishwa ichaji kwa jua peke yake. Wakati wa masika, siku nne za mawingu zikifuatana, betri haikupata kujaa hata mara moja, na umeme wa TANESCO ulikuwako ukutani bila kutumiwa. Tuliibadili ili ichukue jua kwanza, na jua lisipotosha isaidiwe na TANESCO, lakini kwa ampea 20 tu, kwa kuwa umeme wa kijijini jioni huwa hafifu. Kadhalika tuliiamrisha ihamie TANESCO betri ikishuka 12.0 na isirudi kwenye betri mpaka ifike 13.5, na kama TANESCO haipo, ikate kila kitu kwenye 11.5. Shemeji alilalamika kwamba sasa atazimikiwa mapema. Ni kweli, usiku mwingine atazimikiwa. Tulimwuliza kipi ghali, saa mbili za televisheni au ufuta wa mwaka.

Kwa betri ya risasi ya ukubwa ule, ampea za kuchaji zisipungue 20 wala zisizidi 40, yaani sehemu ya kumi hadi ya tano ya ukubwa wake. Ikishajaa, ishushwe kwenye 13.5 na kushikiliwa hapo.

Sasa shemeji amesikia habari za betri za lithiamu na anazitamani. Ni nzuri, na zastahimili kushushwa sana kuliko za risasi, lakini zataka mipango yao: chaji 14.2 hadi 14.4, kushikiliwa 13.5, mpango wa kusawazisha uzimwe kabisa, na yale mapunguzo ya joto yasiwepo. Tena usiisome kwa volti kama ulivyozoea, kwani hukaa kwenye 13.2 au 13.3 karibu usiku kucha, halafu hushuka ghafla. Ukiiweka inveta ihamie TANESCO kwenye 12.8 utakuwa salama. Akiinunua na kuichomeka kwenye mipango ya betri ya zamani, tutarudi Miteja kwa safari ya tatu.

Kabla hatujaondoka tulimwonyesha jinsi ya kufungua nyaya: paneli hukatwa kwanza, betri mwisho; na wakati wa kurudisha, betri kwanza, paneli mwisho. Mkewe aliandika namba zote kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa chumba, pamoja na tarehe. Betri ya tatu hawajainunua. Wangoja ufuta uuzwe.

Wanachama wenye inveta ambao watahudhuria mkutano ujao wa chama waje na namba zao zimeandikwa: aina ya betri, volti ya chaji, volti ya kukatia, na joto la chumba mchana saa nane. Mita ya kupimia tutakuja nayo sisi.