Tarehe Zilizopotea Katika Ripoti

Katika somo la muhula huu nataka kuwaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili lisije likawapata ninyi mtakaokabidhiwa kumbukumbu za watu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, nami hutunza kanzidata ya wanafunzi, yaani daftari kubwa lililomo ndani ya kompyuta. Mwaka jana nilitoa ripoti ya kidato kimoja, na katika safu ya tarehe za kuzaliwa nikaona nafasi nyingi zi wazi. Bila ya kuchunguza, nikadhani wazazi hawakuleta vyeti. Nikawaandikia barua waje navyo upesi.

Mama mmoja alishuka kutoka Amani kwa basi la alfajiri, ameacha shamba lake, cheti amekifunga katika kitambaa. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mwanangu anayo siku yake ya kuzaliwa. Mimi nilikuwapo." Nikakisoma cheti: 26 Aprili, Sikukuu ya Muungano. Nikafungua daftari la uandikishaji. Tarehe ile ile imo, imeandikwa kwa wino. Niliona haya. Nikamwomba radhi, nikamrudishia nauli yake, kisha nikaanza kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kuandika barua hata moja.

Kwanza, nilitazama ndani ya kanzidata yenyewe. Tarehe zote zilikuwamo. Basi zilikuwa zikipotea njiani, baina ya kanzidata na ripoti.

Pili, niliwapanga pamoja wanafunzi wote wasio na tarehe, nikatafuta walichofanana. Hapana hata mmoja aliyezaliwa kabla ya tarehe 13 ya mwezi.

Tatu, niliijaribu programu ya ripoti kwa tarehe mbili zijulikanazo na kila mtu. Niliandika 26/4/1964, siku ya Muungano. Ripoti ikaacha nafasi wazi. Nikaandika 9/12/1961, siku ya Uhuru wa Tanganyika. Ripoti ikaandika 12 Septemba 1961!

Hapo nikafahamu. Sisi hutanguliza siku, kisha mwezi. Wamarekani hutanguliza mwezi. Tarehe zangu zilihifadhiwa kama maneno matupu, na programu ile ilipangwa kuyasoma kwa desturi ya Marekani. Ilipoona 26/4 iliutafuta mwezi wa 26, ikaukosa, ikanyamaza. Ilipoona 9/12 haikuona kizuizi, ikageuza Desemba kuwa Septemba.

Sasa tufanye hesabu. Mwaka wa siku 365 una miezi 12, na kila mwezi una siku 12 za mwanzo: 12 mara 12 ni 144. Siku 221 zilizobaki zitaachwa wazi. Katika zile 144, ni 12 tu zitakazosomwa sawa, ambazo siku na mwezi ni namba moja. Siku 132 zitaandikwa kwa uongo, wala hapana atakayeshtuka.

Hili ndilo jambo ninalotaka mlishike. Gulioni hapa Muheza, chungwa lililooza ganda halimdanganyi mnunuzi. Hulitupa akaenda zake. Limdanganyalo ni lile zuri kwa nje, bovu kwa ndani. Nafasi zile wazi ziliniudhi, lakini ndizo zilizonionya. Hatari kubwa zaidi ilikuwa katika tarehe zilizojazwa, ambazo sikuzitilia shaka.

Dawa yake ni hii. Tarehe isihifadhiwe kama maneno, bali kama tarehe halisi, ambayo kwa kompyuta ni hesabu ya siku. Katika Excel, kwa mfano, 1 Januari 1900 ni namba 1, na 9 Desemba 1961 ni namba 22,624. Hapo hapana la kubishania. Ikiwa lazima kuandika, tanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 1961-12-09. Huo ndio utaratibu uliowekwa na Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, mwaka 1988. Kisha linganisha kila tarehe na cheti, hata zile zinazoonekana njema. Na ukikuta kwamba kweli haikuandikwa popote, usikisie, mwulize mwenyewe.

Nilipokwisha kurekebisha, niliwaandikia wazazi barua ya pili, kuwaambia kwamba kosa lilikuwa langu.

MASWALI

1. Programu ile ingesomaje 12/1/1964, siku ya Mapinduzi ya Zanzibar?

2. Mwalimu Nyerere alifariki 14/10/1999. Ripoti ingeonyesha nini?

3. TANU ilizaliwa 7/7/1954. Kwa nini tarehe hii isingeharibika?

Kila mmoja aitafute pia siku yake mwenyewe ya kuzaliwa, aone kama ingepotea, ingegeuzwa, au ingesalimika.